Dokta, pacha wa mdogo wangu wameungana tumboni, tuuze shamba?

Dada mmoja wa Pangani kaniandikia juzi. Nimefupisha na nimetoa majina: "Assalaam alaykum dokta. Mdogo wangu ana mimba ya wiki 24, tumempeleka Tanga mjini kapigwa ultrasaundi wakasema ni pacha ila wameungana, kuanzia kifuani kushuka tumboni, na arudi baada ya wiki mbili. Nyumbani hapalaliki. Bibi anasema ni ile ndizi pacha aliyokula, shemeji anataka kuuza shamba la minazi wampeleke India, jirani kasema hao wakitenganishwa lazima mmoja afe, na wengine wanasema tusiguse alichoumba Mungu. Naomba utueleze wanatenganishwaje, wapi, na lini. Na mama anauliza anunue nguo gani."

Waalaykum salaam dadangu, poleni sana hapo nyumbani. Ntajibu kirefu maana hilo swali lako ni maswali sita ndani ya moja, na sitafuata mpangilio uliouliza wewe, ntaanza na lile la shamba kwa sababu hilo ndio lenye haraka.

Mwambie shemeji yako shamba aliache lilipo. Sisemi India hawajui kazi, wanaijua sana. Ila kwa leo hii hakuna daktari wa India wala wa hapa wala wa Uingereza anaeweza kukwambia hao watoto watatenganishwa au hawatatenganishwa, kwa sababu hakuna anaejua bado ndani wanashea nini. Mtu akikupigia simu akakwambia "leteni milioni kadhaa tunawatenganisha" na hajaona hata picha ya moyo, huyo dalali. Minazi inachukua miaka kuzaa, kuiuza ni siku moja.

Nijitambulishe kidogo ili ujue nani anaongea. Mimi ni daktari wa usingizi, yule mnaemuita wa nusu kaputi, sio mimi ninaeshika kisu. Kazi yangu nakaa kichwani kwa mgonjwa. Nimezaliwa Ngamiani hapo Tanga mjini, nimesomea mbali, na oparesheni za pacha walioungana nimeingia mbili tu maishani mwangu, na kwa kazi hii mbili sio chache, wapo wenzangu wanastaafu hawajaona hata moja. Pacha wa namna hii wanakadiriwa kuwa uzazi mmoja kati ya 50,000 mpaka 100,000, na karibu watatu kwa kila wanne ni wa kike, hata sisi madaktari hatujui vizuri kwanini wasichana ndio wengi.

Ya bibi niyamalize haraka. Ndizi haihusiki. Bibi mheshimuni lakini huyo binti asilale analia kwa ajili ya ndizi. Pacha wanaofanana wanatoka kwenye yai moja lililogawanyika. Likigawanyika siku tatu za mwanzo kila mmoja anapata kondo lake, likichelewa wanashea kondo, likichelewa zaidi wanashea na chupa ya maji ya uzazi, na likichelewa mpaka kama siku ya 13 hivi au zaidi, basi linaanza kugawanyika na halimalizi. Wapo wataalamu wengine wanaosema hapana, waligawanyika kisha wakagandana tena, ubishi huo haujaisha na wala haukusaidii wewe. Cha kushika ni kwamba hiki kitu kilitokea hata kabla mdogo wako hajajua ana mimba. Hakuna alichokula, hakuna alichobeba, hakuna mtu aliemfanyia, na sio ugonjwa wa ukoo kwamba mimba ijayo itakuja hivohivo.

Sasa twende kwenye ndani.

Unazijua zile nyumba za Ngamiani zilizobanana, za zile barabara za namba? Zipo zinazogusana ukuta tu, kila nyumba na mlango wake na Luku yake na bomba lake. Ndugu wakigombana wanajenga ukuta wa pili kati basi yameisha. Zipo nyingine ukiangalia nje unaona nyumba mbili, ukiingia unakuta jiko moja, choo kimoja, lakini bado fundi mzuri anaweza kugawa, jiko likae huku choo kikae kule, vinavyokosekana vitajengwa baadae. Halafu zipo zilizojengwa juu ya nguzo moja ya katikati. Hiyo nguzo ukiikata nyumba zote mbili zinakuja chini. Nje zote tatu zinafanana! Ndio maana ukiniambia "wameungana kifuani mpaka tumboni" umeniambia habari ya ukuta tu, hujaniambia habari ya nguzo.

Na kwa pacha wa kifua nguzo ni moyo. Swali la kwanza kabisa, kabla ya India, kabla ya gharama, kabla ya kila kitu: mioyo iko mingapi na imegusana wapi? Kama kila mtoto ana moyo wake na kilichoungana ni ule mfuko tu unaofunika moyo, hiyo ni habari njema sana. Kama vyumba vya chini vya moyo, vile vinavyopiga damu kwenda mwilini, vimeungana, hapo dadangu ntakwambia ukweli hata kama unauma, duniani kote, kwa hela yoyote, kuwatenganisha na wote wakabaki hai ni kitu ambacho karibu hakiwezekani. Hakuna shamba litakalonunua hicho. Ndio maana nimekwambia msiuze kitu mpaka mjue ya moyo.

Na hii inaweza kujulikana sasa hivi akiwa bado na mimba. Kuna ultrasaundi maalum ya moyo wa mtoto aliye tumboni, wiki 24 ni wakati mzuri kabisa. Kwahiyo hizo wiki mbili alizoambiwa arudi, arudi, ila akienda aombe rufaa ya Muhimbili. Pale wapo madaktari bingwa wa upasuaji wa watoto, na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iko uwanja huohuo, mgonjwa hapandi hata daladala kutoka huku kwenda kule. Hospitali ya Bombo hapo Tanga ni kwetu na naipenda, kliniki ya kawaida aendelee kuhudhuria huko, lakini hii kazi inataka watu wengi wa aina nyingi wakae meza moja.

Baada ya moyo tunauliza ini. Pacha walioungana tumboni mara nyingi ini limeshikana, na hapo watu wanaogopa bure, ini ni kiungo cha ajabu, ukilikata linaota tena. Tatizo la ini sio nyama yake, ni mabomba yake. Kila mtoto lazima abaki na njia yake ya nyongo kwenda kwenye utumbo, na mishipa yake ya kurudisha damu kwenye moyo wake. Kama mfuko wa nyongo ni mmoja na njia ni moja, kazi inakuwa nzito. Halafu utumbo, sehemu ya juu ikiwa imeshikana ni shughuli kwa sababu iko karibu na hiyo njia ya nyongo, ya chini inagawika kirahisi zaidi. Hivi vingine vinaonekana vizuri wakishazaliwa, kwa vipimo vya CT na MRI na kuwawekea dawa ya rangi kwenye mishipa, unamwekea mmoja unaangalia inamfikia mwenzake kwa kiasi gani. Siku hizi kuna sehemu wanachapisha mpaka mfano wa plastiki wa ini lenyewe, daktari anaushika mkononi anaugeuzageuza kabla ya siku yenyewe.

Kuna wale ndugu wawili maarufu wa Siam, Chang na Eng, ndio walioleta lile jina la pacha wa Siam. Walizaliwa 1811, wakaishi Marekani, wakaoa, wakazaa watoto 21 kwa pamoja, wakafa 1874, Chang kwanza na Eng masaa machache baadae. Walipopasuliwa wakakutwa kilichowaunganisha ni kipande cha nyama pale chini ya kifua na ini limepita humo. Leo hii ile ingekuwa moja ya zile oparesheni rahisi za aina hii. Miaka 62 wameburuzana kwa kitu ambacho sasa tungekikata wakiwa hata hawajaanza kutambaa.

Sasa jirani yako na "lazima mmoja afe". Hapana, sio lazima. Mwaka 2013 watoto wa kiume wa Kyela walitenganishwa Chennai huko India, walikuwa wameungana sehemu za chini nyuma. Nairobi mwaka 2016 hospitali ya Kenyatta walitenganisha watoto wa kike kwa masaa 23 hivi. Muhimbili wenyewe wamefanya 2018 na wamefanya tena 2022. Riyadh huko Saudia wamepelekwa watoto wetu wa Kitanzania, wa kike mwishoni mwa 2018 na wa kiume wa Igunga Oktoba 2023, hiyo ya mwisho ilichukua masaa 16 na watu zaidi ya thelathini.

Jirani pengine alisikia ile kesi ya Uingereza mwaka 2000, wazazi wametoka Malta, watoto wawili moyo wa mmoja na mapafu yake ndio yanawalisha wote. Madaktari wakasema tukiwaacha wote watakufa, tukitenganisha mmoja atakufa siku hiyohiyo. Wazazi wakakataa kwa sababu ya imani yao, mahakama ikaamua watenganishwe, ikawa hivo kama walivyosema, mmoja akafa mmoja akaishi. Ni kesi nzito na mimi mpaka leo sijui ningeamua nini. Lakini ile ni aina moja, msiivalishe watoto wote.

Ila sitaki nikudanganye kwa upande mwingine pia. Kati ya pacha walioungana zaidi ya nusu wanafia tumboni au siku ya kwanza ya kuzaliwa, na wanaobaki sio wote wanafaa kutenganishwa. Wale wanaofika kwenye oparesheni iliyopangwa, kwa utaratibu, kwenye vituo vikubwa vyenye uzoefu, wengi wao wanapona. Wale wanaotenganishwa kwa dharura, kwa sababu mmoja kazidiwa au utumbo umeziba au mmoja kafariki na inabidi kumuokoa mwenzake ndani ya masaa, matokeo yanashuka vibaya sana.

Kwahiyo lini? Sio siku wanapozaliwa, hata kama ndugu watapiga kelele. Kama wote wanapumua na wananyonya na wanaongezeka kilo, tunasubiri, mara nyingi miezi mitatu mpaka sita, wengine mpaka mwaka. Ukiona daktari anasubiri usidhani anazembea. Ntakupa hesabu ya kwangu mimi mtu wa usingizi. Mtoto mchanga ana damu kama mililita 80 kwa kila kilo. Akiwa na kilo mbili damu yake yote mwilini ni mililita 160, haijai hata kikombe cha chai. Akiwa na kilo tano ni 400, imezidi kidogo soda ya chupa. Sasa wewe unakata ini, ini linavyovuja damu, na mgonjwa wako mzima mzima ana soda moja. Kwenye oparesheni hizi kila kitambaa kilicholowa damu tunakipima kwenye mzani, gramu moja tunahesabu mililita moja, nesi anaandika ukutani, huku mililita ngapi kule mililita ngapi. Hizo kilo tatu za kusubiri ndio uhai wenyewe.

Ngoja nikueleze ya mle ndani maana watu wanaona kwenye taarifa ya habari daktari kavaa kijani anapungia mkono, hawaoni kilichotangulia.

Kila kitu kinakuwa viwili. Mashine mbili za usingizi, madaktari wa usingizi timu mbili, manesi timu mbili, damu mafungu mawili, mafaili mawili. Tunawapa watoto rangi, mmoja mwekundu mmoja wa bluu, na kila mrija na kila bomba la sindano na kofia ya kila mfanyakazi inakuwa na utepe wa rangi ya mtoto wake. Tunafanya mazoezi kwanza, na midoli. Ile mara yangu ya kwanza nesi mmoja mzee alishona midoli miwili ya vitambaa vifua vikagusana, tukacheka wee, halafu tukaanza zoezi na kicheko kikaisha: tuligundua chini ya ile taa kubwa utepe wa bluu na wa kijani, ndio rangi tulizochagua siku ile, huwezi kuutofautisha, na dripu mbili zimeshaingiliana. Ingekuwa siku yenyewe dawa ya mmoja ingeenda kwa mwingine. Siitaji ni hospitali gani, ilirekebishwa saa ileile na ndio maana ya mazoezi.

Na hata ukimpa dawa mtoto sahihi, damu zao zinapitiana. Unamchoma wa bluu dawa ya kulegeza misuli, dakika chache unaona na mwekundu kalegea. Kwahiyo huwezi kupiga hesabu kama watoto wawili wa kawaida, wala huwezi kupiga hesabu kama mtoto mmoja mwenye kilo kumi, unatoa kidogo unatazama wote wawili, unatoa kidogo tena. Halafu hawa wa kifua wanatazamana uso kwa uso, pua kwa pua, mimi nataka kuingiza mpira wa kupumulia kwa mmoja na kichwa cha mwenzake kiko njiani, inabidi watu wawili wawashike na kuwageuza, anatangulia mmoja huku mwingine bado anakuangalia kwa macho. Kiyoyozi kinazimwa maana watoto wa kilo hizo wakipoa damu haigandi, kwahiyo watu kumi na tano wamevaa magauni mawili mawili wanachuruzika jasho, mle ndani joto kama Tanga Januari mchana.

Ile dakika yenyewe ya kuachana haina kelele. Uzi wa mwisho wa nyama unakatwa, mtu anasema muda kwa sauti, mmoja anabebwa kupelekwa kitanda cha pili na timu yake yote inamfuata na mirija yake kama harusi inavyomfuata bibi harusi. Hapo kila mtu anaangalia mashine. Damu iliyokuwa inazunguka kwa wawili sasa kila mmoja ana yake, presha ya mmoja inaweza kushuka ghafla na ya mwenzake ikapanda. Ile nusu saa ya baada ya kukata naiogopa kuliko masaa yote ya kukata.

Watu wanadhani hapo kazi imeisha, bado ngozi, na ngozi ndio inayowashangaza wazazi kuliko yote.

Chukua doti ya kanga. Ukinunua dukani zinakuja mbili zimeungana, unakata katikati, na kila kanga inabaki kamili na pindo zake nne, kwa sababu aliechora aliacha nafasi ya kukata. Watoto hawana hiyo nafasi. Ukikata unakata kwenye mji wenyewe, na kila mmoja anabaki na tundu wazi kuanzia kifuani mpaka kitovuni, moyo na ini vinaonekana. Ngozi ya kuziba utaitoa wapi? Ya mama haikai, mwili unaikataa. Kwahiyo wiki kadhaa kabla, mara nyingi sita mpaka nane, wanaingizwa puto za silikoni chini ya ngozi ubavuni, na kila wiki zinaongezwa maji ya chumvi kidogo kidogo kwa sindano. Ngozi inatanuka yenyewe taratibu, kama tumbo la mjamzito linavyotanuka. Siku ya oparesheni puto zinatolewa na ile ngozi ya ziada inavutwa kuziba. Mzazi akiona mtoto ana manundu makubwa ubavuni anachanganyikiwa, sasa wewe utakuwa umeshajua, umueleze mdogo wako mapema. Na hata hivo saa zingine haitoshi, wanaweka wavu maalum na kufunga kidogo kidogo, maana ukilazimisha kukaza kifua mtoto hawezi kupumua na moyo unabanwa. Yule mmoja tuliempoteza, katika mara yangu ya pili, hakufa mezani. Siku ya tisa, kifua, maambukizi. Mwenzake sasa anasoma chekechea na ana kovu refu kama zipu.

Hili la uzazi sasa, na hapa naomba usome taratibu. Asijifungulie nyumbani, wala zahanati, na asijaribu kusukuma. Watoto wameungana kifua hawapiti njia ya kawaida, wakikwama kizazi kinaweza kupasuka na mtamkosa na mama. Atapasuliwa, kwa tarehe iliyopangwa, mara nyingi kati ya wiki 34 na 37, na huenda kizazi kikakatwa wima sio ile ya kulala, maana yake mimba zake zote za mbele pia atapasuliwa, hilo lisije likamshtua baadae. Mimba hizi zinapenda kujaa maji mengi na uchungu kuja mapema. Kutoka Pangani mpaka Tanga mjini usiku na uchungu unauma, halafu kilomita kama 350 mpaka Dar, hapana. Ikifika wiki 30 au 31 awe ameshahamia Dar, kwa shangazi, kwa mjomba, kwa yeyote, karibu na hospitali. Kama shemeji ana hela mkononi, hiyo ndio matumizi yake ya kwanza: nauli, chakula cha Dar, mtu wa kukaa nae, na bima ya afya kama hawana. Wakae wakijua ni miezi sio wiki, maana hata baada ya kutenganishwa ni ICU kwanza, halafu wodini, halafu kurudi kliniki kwa miaka, kuangalia henia ya tumbo na uti wa mgongo kama unapinda.

Na kama timu ya Muhimbili itaona kazi hii inahitaji nje, wao ndio wanaoandika rufaa, kupitia wizara. Saudia wana mpango wao wa kutenganisha pacha walioungana toka 1990, daktari Abdullah Al Rabeeah ndio kiongozi wake, na watoto wetu waliokwenda gharama zilibebwa na wao, wazazi hawakuuza kitu. Hapo pia ndio jibu langu kwa hao wanaosema tusiguse alichoumba Mungu. Mimi sio sheikh na sitoi fatwa, kamuulizeni mnaemuamini, ila mkumbusheni kwamba nchi yenye Makka na Madina inafanya hii kazi kwa zaidi ya miaka thelathini na mfalme anatoa hela.

Na ikionekana hawawezi kutenganishwa? Basi kutokutenganisha nayo ni matibabu, sio kutelekezwa. Sote tuliwaona Maria na Consolata, wamezaliwa Makete 1996, hawakutenganishwa, wakasoma mpaka kidato cha sita, wakaingia chuo kikuu cha Ruaha Iringa 2017, wakafariki Juni 2018 wakiwa na miaka 21, wamepishana dakika chache. Wao wenyewe walisema hawataki kutenganishwa. Upande mwingine kuna wale dada wawili wa Iran, Ladan na Laleh, wameungana kichwa, wasomi waliosomea sheria, walitaka wenyewe kutenganishwa wakiwa na miaka 29 wakaenda Singapore 2003 wakijua hatari yote, wote wawili wakafia kwenye oparesheni. Mtu mzima anachagua mwenyewe. Wa kwenu watachaguliwa, ndio maana nataka mchague mkiwa na picha ya moyo mkononi na sio maneno ya jirani.

Kwenye hiyo rufaa, mdogo wako akiwa mbele ya daktari aulize haya tu, ayaandike kwenye karatasi: mioyo mingapi, na kama imegusana imegusana wapi. Maini je. Kuna utumbo uliotoka nje kitovuni. Mmoja ana tatizo lingine lake peke yake. Nani atakuwepo siku ya kupasuliwa, maana wakizaliwa wanatakiwa madaktari wawili wa watoto, mmoja kwa kila mtoto. Ukishapata majibu niandikie tena, nitakusomea.

Nguo. Mwambie mama asinunue chochote cha kuvalisha kwa kupitisha kichwani wala cha dukani, haviwaingii. Fundi cherehani yeyote anaweza, ila ampe kazi watoto wakishazaliwa na ameona wameungana kuanzia wapi mpaka wapi. Kitambaa cha pamba laini, gauni moja pana lenye shingo mbili, limeachwa wazi mabegani na ubavuni kote na kufungwa kwa kamba sio vifungo, ili manesi wapitishe mirija yao bila kuwavua. Ashone matatu kwanza, maana wanakua haraka na mengine yatachafuka. Na za baada ya kutenganishwa asishone mapema, tumbo likiwa na bandeji saizi inakuwa nyingine kabisa.